Uso wa Kupokea Mahari

Ijumaa, siku moja kabla ya bakwe, watu wa mchumba wake, kufika kutoka Bukavu, Julienne aliingia uani bado amevaa viatu vyake vya ofisini, akasimama mbele ya mama yake aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Mama, vaa vizuri. Tunaenda kwa magazini ya Mugriki."

"Kununua nini tena?"

"Kule kuna dada mumoja anatengenezaka batu sura. Kazi ile alisomea Bujumbura. Nimesha kusema naye, anatungojea."

Mama yake aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Sura ya nani?"

Julienne alitazama upande wa nyumba ya jirani, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kesho bakwe banakuya."

Mama yake, Nyiramahirwe, hakuuliza tena. Alinawa mikono, akaingia ndani kutafuta kikwembe chake, kitenge cha Jumapili.

Alizaliwa Masisi, kwa wafugaji, mweusi kama baba yake, na kule juu kwenye malisho hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo. Alipoolewa na Florent, dereva wa kamyo la kahawa, alishuka naye Goma wakajenga nyumba ya mbao Mabanga, juu ya mawe meusi ya volkano. Florent hakuwa mtu mbaya. Hakupiga, hakulewa ovyo. Ila kila aliporudi safari alikuwa na habari za wanawake weupe aliowaona njiani, na alizisimulia huku anakula, kama mtu anayesimulia hali ya barabara. Siku moja Nyiramahirwe alikwenda Birere akanunua sabuni ya kung'arisha. Baadaye akaongeza mafuta ya kwenye kopo dogo. Uso ukawa mweupe kweli. Majirani wakamsifu, na Florent akamletea viatu vya kisigino kutoka Bujumbura, viatu ambavyo hakuwahi kumletea alipokuwa na rangi yake.

Halafu ngozi ikageuka. Mabaka yalianzia chini ya macho, yakashuka mashavuni, meusi yenye ubuluu kama mahali palipopigwa. Ngozi ikawa ngumu, ina vipele vidogo visivyouma wala kupona. Aliacha sabuni, lakini mabaka hayakumwacha. Katika mikutano ya mtaa, watu wa chama walianza kusema kwamba mwanamke anayejichubua anaikana asili yake, na waliposema hivyo watu waligeuza shingo kutafuta mfano. Mfano alikuwa amekaa nyuma, kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi.

Sasa Julienne, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaolewa. Alikuwa karani wa kupiga mashine kwenye ofisi moja ya kahawa. Ofisini aliitwa kwa jina la asili, kama serikali ilivyotaka miaka ile. Nyumbani na kanisani alibaki Julienne. Mchumba wake, Modeste, alikuwa mwalimu. Alikwisha kuja Mabanga mara nyingi, akala kwa mikono ya Nyiramahirwe, akasema aksanti, na kila mara alimsalimu akiwa ameinamisha macho. Siku zingine Nyiramahirwe aliiona ni heshima. Siku zingine hakuwa na hakika.

Familia ya Modeste haikuwa imemwona.

* * *

Ule ulikuwa mwaka wa sabini na tatu, kabla maduka ya wageni hayajachukuliwa na kupewa wenyeji, na magazini ya Mugriki ilikuwa bado imejaa. Ukiingia ulikutana na harufu ya ngozi mpya na biskuti. Vitambaa vilikuwa upande mmoja, masufuria upande mwingine, na katikati kabisa, mahali ambapo kila mteja lazima apite, palikuwa na kontwari, meza ya kioo yenye manukato, poda na rangi za midomo. Mbele yake kulikuwa na kiti kirefu na taa yenye shingo iliyopindwa.

Dada wa kontwari aliitwa Asumini. Alikuwa mtoto wa familia ya Kiislamu ya Birere, wazee wake walitoka Maniema na biashara. Alikuwa amevaa koti jeupe kama mganga wa hospitali.

"Huyu ndiye mama yangu," Julienne alimwambia. "Ule niliyekuambia."

"Karibu, mama. Panda hapa."

Nyiramahirwe alitazama kiti. Kilikuwa kimeelekea njia. "Haiko ingine kule nyuma?"

"Taa iko hapa tu, mama. Haitakawia."

Alipanda. Miguu yake haikufika chini, ikabaki inaning'inia kama ya mtoto kanisani. Asumini akamwomba ruhusa, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja vizuri na kukiweka kwenye mapaja yake. Kisha akawasha taa.

Nyiramahirwe alikuwa amejipaka poda nyumbani, poda ya mtoto, nyingi. Asumini alilowesha pamba akaanza kuifuta, na kila pamba ilipopita uso wa kweli ulitokea chini ya mwanga ule. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachagua sahani alisimama. Wasichana wawili waliokuwa wananusa manukato wakaacha kunusa. Mzee mmoja mwenye kofia, aliyekuwa anapita na ndoo mpya, alipunguza mwendo, akatazama, akaguna, akaendelea.

"Ilikuwa sabuni, mama?" Asumini aliuliza, kwa sauti ya kusikiwa na mmoja tu.

"Sabuni. Na mafuta."

"Umeacha?"

"Zamani."

"Umefanya vizuri." Hakuongeza neno. Alichukua mafuta kidogo akayapaka kwa ncha za vidole, taratibu, kwenye yale mabaka yenyewe. Nyiramahirwe alishtuka. Tangu mabaka yatokee, hakuna mtu aliyekuwa amemgusa usoni, hata Florent. Macho yake yakajaa maji, na akashukuru kwamba Asumini alidhani ni taa.

"Nitachanganya mbili," Asumini alimwambia Julienne, akifungua makopo. "Hizi poda banatengenezea bazungu. Moja peke yake itamufanya kama mutu aliyemwagiwa unga. Angalia vile nafanya, juu kesho asubui ni weye utamufanyia."

Julienne alisogea kutazama. Na hapo ndipo sauti ilipowafikia kutoka mlangoni.

"Julienne! Ni weye kweli?"

Alikuwa Séraphine, dada mkubwa wa Modeste. Julienne aliwahi kwenda Bukavu mara moja kujulishwa kwa familia, na Séraphine ndiye aliyempokea. Mwanamke mrefu, mwenye kicheko, kikapu mkononi.

"Dada! Si bateau ya ziwani inafika kesho?"

"Bengine banafika kesho. Mimi nimetangulia na shangazi, tumelala kwa jamaa pale Birere. Nimekuja kutafuta kikwembe ya mama yako, nimuletee kitu ya maana." Alimkumbatia Julienne, akamwachia, na macho yake yakafika kwenye kiti kirefu.

Uso wa Nyiramahirwe ulikuwa wazi. Poda ya zamani ilikuwa imetoka yote na mpya haijawekwa. Taa ilikuwa inaumulika toka kando, na kila kipele kilikuwa na kivuli chake.

"Na huyu mama?" Séraphine aliuliza.

Julienne alifungua mdomo. Mama yake aliona macho yake yakikimbilia wasichana wa manukato.

"Ni mama mudogo," Julienne alisema. "Mudogo wa mama. Ametoka Masisi kutusaidia kazi ya jikoni."

Mkono wa Asumini, uliokuwa umeshika sifongo, ulisimama hewani.

Nyiramahirwe aliona kwamba asipomsaidia, mtoto wake ataanguka mbele ya wifi yake, mbele ya wasichana wa manukato na mama wa sahani. Kwa hiyo alinyosha mkono.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ni mama yake mudogo. Karibuni Goma."

Séraphine aliupokea mkono ule kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akamgeukia Julienne akasema neno kwa Kifaransa, polepole. Nyiramahirwe hakusoma, lakini aliwahi kufua nguo za masista miaka mingi, na neno *pauvre*, maskini, alilijua. Masista walilitumia kwa vilema na kwa mbwa aliyegongwa na gari.

"Na mama mwenyewe hajambo?" Séraphine aliuliza.

"Hajambo. Yuko nyumbani, anapumzika," Julienne alijibu.

"Umusalimie. Umwambie kesho ni furaha." Akaagana nao, akaenda upande wa vitambaa. Walisikia kicheko chake kule akibishana bei na muuzaji.

Asumini alirudi kazini. Alipaka, akasawazisha, akapuliza, akachora wanja mwembamba. Alifanya kazi nzuri, hilo lazima lisemwe. Alipomshikisha Nyiramahirwe kioo cha mkono, mwanamke aliyekuwa ndani ya kioo alikuwa mama wa heshima, mweusi, mwenye mashavu ya watu wa Masisi. Alifanana na dada zake. Ilikuwa miaka mingi hajafanana na dada zake.

"Unapenda, mama?"

"Ni kazi nzuri. Mungu akubariki."

Julienne alikuwa anafungua mkoba wake ili anunue yale makopo mawili. Akalipa. Asumini aliyafunga makopo kwenye karatasi, na alipoyatoa, hakumpa Julienne. Aliyaweka mikononi mwa mama.

"Kesho ndiyo banatoa mahari ya mutoto wako?" alimuuliza, akiyatamka maneno yale mawili ya mwisho polepole.

Nyiramahirwe alifunga kitambaa chake kichwani. Julienne alikuwa anatazama viatu vyake.

* * *

Walirudi kwa miguu. Upande wa Birere walipita katikati ya watu, na watu waliokuwa wakimjua Nyiramahirwe walimpita bila kumtambua. Siku nyingine hilo lingemchekesha. Walipofika kwenye njia ya mawe ya Mabanga, Julienne alisema:

"Mama, sijue ni nini ilinishika. Neno lilitoka lenyewe."

"Tembea. Mawe yatakuangusha na viatu vile."

"Kesho nitakupaka vizuri. Hatakujua. Amekuona bila poda tu."

"Amesikia sauti yangu. Amenishika mukono." Nyiramahirwe alisimama. "Na Modeste? Modeste ataita nani mama mukwe?"

Julienne alianza kulia, wanja wake mwenyewe ukaanza kushuka. Mama yake alimtazama, na ndani yake vitu viwili vilikuwa vinapigana. Alitaka kumfuta machozi, na alitaka kumwacha alie mpaka afike nyumbani ili watu wamuone. Mwishowe alisema jambo ambalo hakulipanga.

"Mukagasana anakuja kesho toka Munigi. Akae kwa kiti yangu. Ni mudogo wangu, damu ni moja. Mimi nitakuwa jikoni, vile umesema."

Alilisema kama mtu anayetupa jiwe. Alitaka Julienne aseme hapana. Alingoja aseme hapana, pale pale njiani, huku mama mmoja mwenye kuni akiwapita na kuwasalimu. Na Julienne alifuta pua yake, akasema kwa sauti ya chini:

"Modeste nitamweleza. Ataelewa."

Nyiramahirwe akaanza kutembea tena.

Jioni Florent alielezwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anapaka kiwi viatu vya kesho. Alisikiliza mpaka mwisho. Alipoinua macho alikutana na uso wa mke wake, ule uliotengenezwa, na ilionekana kama anataka kusema neno lililomkaa kooni miaka mingi.

"Fanyeni vile munaona," alisema, akarudi kwenye viatu vyake.

Nyiramahirwe alinawa uso kwa sabuni ya kufulia mpaka ukawasha.

* * *

Jumamosi bakwe walifika na shangwe. Uani palitandikwa mikeka, viti viliazimwa kanisani. Mukagasana alikuwa amekaa mbele, karibu na Florent, amevaa kikwembe cha Jumapili cha dada yake, mikono yake imekakamaa juu ya magoti. Alikuwa ameolewa na kuachwa bila kupata mtoto, akaishi Munigi na shamba lake la viazi. Asubuhi walipomwambia la kufanya alikuwa ameuliza mara moja tu, "Émérance, ni weye unataka hivi?" Hilo lilikuwa jina la ubatizo la dada yake. Nyiramahirwe akasema ndiyo.

Modeste alipoingia na wazee wake alimsalimu Florent, kisha akafika kwenye kile kiti. Alisimama. Julienne alikuwa amemtumia habari asubuhi, lakini kusikia ni jambo moja na kuona ni lingine. Alimpa Mukagasana mkono, na alipokwenda kukaa alikuwa amekunja uso. Wakati wote wa salamu aligeuka kutazama moshi uliokuwa unatoka nyuma ya nyumba.

Kule kwenye moshi Nyiramahirwe alikuwa anageuza foufou, ugali wa muhogo. Hakuwa amejipaka kitu. Jasho lilimtiririka, masizi yalikuwa kwenye kipaji cha uso wake. Alisikia kila kitu: msemaji wa bakwe akisifu barabara na ziwa, msemaji wao akijibu kwa mafumbo, watu wakicheka. Alijua mahali pa kucheka. Alikuwa ameyangoja maneno yale tangu Julienne alipoanza kutembea.

Séraphine akatokea mlangoni mwa jiko.

"Mama mudogo! Nilikuwa nakutafuta." Aliingia bila kujali moshi, akaketi kwenye kigoda, akavuta sinia la sombe, majani ya muhogo, akaanza kuondoa vijiti. "Wacha nikusaidie. Kule mbele ni maneno ya wanaume."

"Utajichafua, mama."

"Nguo inafuliwa." Alitupa vijiti kando ya moto. Kisha akasema, bila kuinua kichwa: "Jana nimekuangalia vibaya pale magazini. Nilitaka nikuombe samahani. Ni juu ya mama yangu."

"Mama yako?"

"Mama Élisabeth. Uso wake uko sawasawa na wako. Mbaya zaidi, hata kwa shingo. Yeye pia ni ile sabuni." Séraphine alifuta macho kwa kiwiko; labda ni moshi. "Unafikiri ni juu ya nini hakuja leo? Tulimubembeleza wiki nzima. Anasema, bakwe batanicheka, batasema mutoto wao anaingia kwa nyumba ya namna gani. Hata kwa ndoa yangu hakuingia kanisani. Alikaa kwa gari, na vioo vimefungwa. Nilipomuona mama kama weye amekaa mbele ya batu, taa usoni, haogopi, nikasema, ah, kama mama yangu angekuwa hivi!"

Nyiramahirwe alishikilia mwiko. Foufou ilianza kushika chini, akasikia harufu yake, lakini mikono haikugeuza.

"Niliogopa," alisema.

"Haukuonekana."

"Niliogopa sana, mwanangu."

Alikuwa anatafuta namna ya kuendelea. Neno lilikuwa karibu kabisa, na huenda angelisema. Lakini uani sauti zilikuwa zimenyamaza, na msemaji wa bakwe alikuwa amesimama na kikwembe kilichokunjwa vizuri juu ya mikono miwili.

"Ng'ombe ni za baba," alisema msemaji. "Baba ameziona, amekubali. Lakini kikwembe hiki hakiendi kwa baba. Hiki ni cha tumbo lililobeba mutoto huyu, na mugongo uliomubeba. Mama muzazi asimame, akipokee kwa mikono yake."

Watu wakapiga vigelegele. Mukagasana alisimama. Alinyosha mikono, na mikono ikafika nusu ya njia, ikaishia pale. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Siwezi," alisema.

Msemaji alitabasamu, akidhani ni mchezo wa kuongezewa. "Mama, kama ni kidogo, tuambie."

"Siyo kidogo." Mukagasana alirudisha mikono kifuani kama mtu aliyeungua. "Mimi sikuzaa. Mungu hakunipa. Nikishika hii nitakuwa mwizi wa tumbo ya mutu. Munisamehe. Siwezi."

Wazee wa Bukavu walitazamana. Florent alikohoa. Julienne alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya shangazi zake, amefunikwa na kitambaa chepesi cha bibi harusi. Alihisi macho ya Modeste juu yake. Akainuka. Kitambaa kikateleza kikaanguka, hakukiokota. Alipita mbele ya viti vyote, kila mtu akimwona, akazunguka nyumba.

Jikoni alimkuta mama yake amesimama na mwiko, na Séraphine kwenye kigoda na sinia. Hakutegemea kumkuta Séraphine. Angeweza kusema, njoo, banakuita. Angeweza kumaliza hapo.

"Mama," alisema. Kisha akamgeukia Séraphine. "Dada Séraphine, nilikudanganya jana. Huyu ndiye mama yangu. Alinizaa yeye. Mama, banakungoja."

Séraphine alimtazama Julienne, kisha mama, kisha Julienne tena. Hakuonekana mwenye hasira. Ingekuwa afadhali hasira. Alionekana kama mtu aliyepigwa na mtu aliyemwamini. Aliliweka sinia chini polepole sana.

"Ninawe mikono," alisema Nyiramahirwe.

Alinawa mikono tu. Hakugusa uso. Alitoka vile alivyokuwa, na kanga ya jikoni kiunoni, masizi kwenye kipaji, mabaka yake mchana kweupe mbele ya ukoo mzima wa wageni. Kuna aliyenong'ona. Mama mmoja wa Bukavu alishika mdomo. Nyiramahirwe alisikia uso wake ukiwaka moto kuliko jikoni, na alitamani ardhi ya mawe ifunguke, lakini aliendelea kutembea mpaka mbele ya msemaji, akanyosha mikono.

Msemaji alisahau maneno yake. Alimwekea kikwembe mikononi bila hotuba.

Modeste alikuja akapiga magoti yote mawili juu ya mawe, akainua kichwa, akamtazama usoni moja kwa moja. "Mama," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza amtazame. Nyiramahirwe aliona kwamba kijana mwenyewe alikuwa anaona haya, haya nyingi, na akaelewa kwamba zile siku zote alizoinamisha macho alikuwa anamwona mama yake mwenyewe, Mama Élisabeth.

Vigelegele vilirudi, vichache kwanza. Chakula kililiwa. Foufou ilikuwa imeungua kidogo, hakuna aliyelalamika.

* * *

Bakwe walipoondoka, Séraphine alimuaga kila mtu. Kwa Julienne alitoa mkono tu. Kwa Nyiramahirwe alikaa kidogo.

"Nikifika nitamwambia mama nini?"

"Umwambie nimemusalimia. Umwambie nitakuja kumuona, na nitakuja vile niko."

Wakati wa kuosha sufuria Julienne alikuja na nguo zake za sherehe, akachukua sufuria kubwa, akaanza kuisugua kwa mchanga. Walisugua muda mrefu. Mukagasana alikuwa ndani, amelala na kichwa kinauma.

"Mama, utanisamehe?"

Nyiramahirwe alimwaga maji machafu kwenye mawe, yakapotea mara moja kati ya nyufa. "Usiniulize leo. Leo nimechoka. Na mimi pia nilisema ndiyo pale magazini. Lile ndiyo, ulimi wangu ndio ulilisema."

Julienne akachota mchanga mwingine.

Florent alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alishuka, akachukua sufuria ya tatu kutoka mkononi mwa mke wake. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alichuchumaa kusugua chombo. Hakuomba msamaha, hakujua jinsi. Alisugua vibaya, akaacha masizi pembeni, na Nyiramahirwe akamwacha.

Ndoa ya kanisani ilifanyika Bukavu. Walipanda bateau, na asubuhi walipofika, Séraphine alikuwa amekuja kuwapokea. Mama Élisabeth hakuja bandarini. Yuko nyumbani, Séraphine alisema, ila leo amefungua madirisha, na ameuliza mara nyingi kama mama wa Goma kweli anakuja.

Julienne alishuka akiwa amemshika mama yake mkono. Palikuwa na jamaa wachache wa Modeste, naye akaanza kuwajulisha. "Huyu ndiye mama yangu muzazi," alimwambia mjomba. "Mama yangu muzazi," alimwambia dereva mmoja aliyekuwa akipakia magunia. Akamwambia mtu wa kukagua tiketi, ambaye hakuuliza. Akamwambia mama aliyekuwa ameketi chini akiuza ndizi, aliyeinua macho akashangaa kidogo na kusema, "Aksanti, mwanangu, nimefurahi." Sauti ya Julienne ilikuwa juu mno, na kila alipolisema neno lile alimtazama Séraphine kwa pembeni.

Nyiramahirwe alimvuta mkono.

"Julienne, inatosha," alisema. "Bamesikia."

Julienne akanyamaza, uso wake ukiwaka, wakaanza kupanda mlima nyuma ya Séraphine, kuelekea kwa Mama Élisabeth.